Islii haikujengwa na semina

Kila likizuka suala la kuwainua wageni wanaofanya biashara, huja semina ya ujasiriamali: hoteli, chai ya saa nne, cheti. Sina ugomvi na chai. Ila nikiutazama mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ambao wengi tunauita Islii, sioni semina iliyoujenga.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia Januari 1991, Wasomali waliokimbia vita walifika Nairobi, na baadhi yao wakapanga vyumba katika gesti iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana kitanda kilikuwa meza ya kuuzia nguo, usiku kikalaliwa. Baadaye vyumba vikageuka maduka kabisa, na majengo ya biashara yakazuka pande zote. Mtaji ulitoka wapi, na benki haikuwa na habari na mkimbizi? Hela zilipita kwenye hawala, yaani mawakala wa kutuma fedha kwa kuaminiana, zikapita kwenye ayuuto, yaani upatu wa Kisomali, na kubwa kuliko yote ni mali kauli: chukua mzigo, uza, kisha ulete hela.

Ingia leo kwenye kiduka chochote pale uulizie dera la rangi ambayo haipo. Hutaambiwa hakuna. Utaambiwa, "Keti kidogo, mama," kijana atachomoka mbio, atarudi nalo kutoka duka la tatu, na hesabu yao wataimaliza wenyewe jioni. Jirani ndiye stoo. Kwa mtu ambaye bidhaa zake zote zinaenea kwenye rafu mbili, naona hilo linashinda mkopo: halina riba, na mteja haondoki mikono mitupu.

Lakini tusidanganyane kwamba kuaminiana kulitosha. Lisilosemwa sana ni kwamba Islii tayari ilikuwa na Wasomali Wakenya, watu wenye vitambulisho. Hao waliweza kuandikishana mkataba wa pango, kufungua akaunti na kukata leseni. Mgeni alileta bidhaa na ujuzi wa masoko ya nje, mwenyeji akaleta karatasi. Kenya hii, asiye na kitambulisho kinachokubalika hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hata M-Pesa hana. Kanjo, yaani askari wa jiji, wakimfikia, hana cha kuwaonyesha ila noti.

Na biashara ya namna hiyo serikali huivuruga haraka mno. Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch ulizoa maelfu ya watu, wengi wakafikishwa uwanja wa Kasarani. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, kampuni 13 za hawala zilisimamishwa. Usalama ni muhimu, nani atabisha? Lakini anayeagiza mzigo Dubai kwa hawala, ukimfungia hawala umemfungia duka.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Vizuri. Ninayemwazia mimi ni mama wa Kikongo anayezungusha vitenge mitaani, begani mzigo, mkononi vipande viwili vya kuonyesha. Huyo hana binamu mwenye kitambulisho wala jirani wa kumpa mali kauli. Apewe kitambulisho mapema, na kikubalike katika kila benki na kila duka la simu. Bei ya kitenge hahitaji kufundishwa na mtu.