Msaada kwa walimu wanaorudi kutoka Japani uanze Februari

Vyama vya watu waliowahi kufundisha Japani vina bahati ambayo vyama vingi vya wahitimu havina. Wanachama wake wanaipenda kwa dhati nchi waliyofanyia kazi, na wako tayari kujitolea jioni zao bila kulipwa. Ninachokilalamikia ni kalenda yao. Msaada mwingi wa mwalimu anayerudi hutolewa akiwa ameshafika kwao, ilhali mambo yanayomgharimu zaidi yalitakiwa kumalizwa kabla hajapanda ndege.

Nazungumzia hasa JETAA, chama cha waliopitia JET, programu ya serikali ya Japani ya kuajiri wageni katika shule na ofisi za umma. Programu hiyo ilianza mwaka 1987 na washiriki 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, na leo huchukua watu wenye shahada kutoka nchi nyingi zaidi. Zaidi ya tisa kati ya kumi ni walimu wasaidizi wa lugha katika shule za Japani. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa hadi ifike miaka 5. Kinachotazamwa wakati wa kuomba ni uraia, kwa hiyo Mkenya au Mtanzania aliyechukua uraia wa Kanada au Marekani anaweza kuomba kupitia nchi hiyo. Chama chenyewe kiliundwa mwaka 1989 na kina matawi zaidi ya 50, yakiwemo ya New York, London na Afrika Kusini.

Mwaka wa tawi la kawaida huenda hivi: usaili wa waombaji wapya mwanzoni mwa mwaka, ambapo mwanachama mmoja huketi kwenye jopo pamoja na maofisa wa ubalozi, matembezi ya kutazama maua ya micheri, semina elekezi kwa wanaokwenda Japani katikati ya mwaka, sherehe ya kuwakaribisha waliorudi kati ya Septemba na Novemba, kisha karamu ya kufunga mwaka. Maonesho ya ajira huwekwa karibu na hiyo sherehe ya kuwakaribisha. Ni ratiba nzuri kwa anayetaka marafiki. Kwa anayetaka fedha zake za pensheni na kazi ya kueleweka, imechelewa miezi minane.

Napendekeza kila tawi liwe na kikao kimoja cha wanaojiandaa kurudi, kila Februari. Kwa nini Februari? Kwa sababu mwanzoni mwa mwaka ndipo walimu huulizwa kama wataongeza mkataba au la. Mikataba mingi huisha mwishoni mwa Julai au Agosti. Kwa hiyo anayeondoka anajulikana karibu nusu mwaka kabla, na bado yuko Japani, ana anwani, ana akaunti ya benki, ana wenzake ofisini wa kumsomea fomu. Tawi halina orodha ya majina yao, lakini mialiko inaweza kupitishwa kwa washauri wa mikoa wanaowahudumia walimu hawa, na kwa chama cha walimu walioko kazini, AJET. Njia nyingine ni kuchukua barua pepe binafsi ya kila mtu kwenye semina elekezi kabla hajaondoka. Binafsi, si ya shule. Anwani ya bodi ya elimu hufungwa mkataba unapoisha, na hapo tawi linabaki linaandikia ukuta.

Kikao chenyewe ni cha mtandaoni, saa moja na nusu inatosha. Februari, Jumamosi saa 4 asubuhi Japani ni Ijumaa saa 2 usiku New York, na hilo linawafaa wote. Tawi la London lisiige saa hiyo, kwa maana kwao itakuwa saa 7 usiku wa manane. Wao waweke saa 12 jioni ya Japani, ambayo kwao ni saa 3 asubuhi.

Na kikao hicho kianze na pensheni, kwa sababu ndiko fedha nyingi zaidi hupotea. Mwalimu wa JET hukatwa mchango wa pensheni ya waajiriwa, ambao kwa jumla ni asilimia 18.3 ya mshahara, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Mgeni aliyechangia kuanzia miezi 6, bila kufikisha miaka 10, anaweza kudai fao la kujitoa akishaondoka. Dirisha la kudai ni miaka 2 tangu aache kuwa mkazi. Kikokotoo chake ni rahisi: wastani wa mshahara wa mwezi unazidishwa kwa namba inayotegemea miezi ya kuchangia. Miezi 12 ni 1.1, miezi 24 ni 2.2, miezi 36 ni 3.3, na miezi 60 ni 5.5.

Namba hiyo haipandi kila mwezi, hupanda kila miezi 6. Mwenye miezi 23 hupewa 1.6, sawa na mwenye miezi 18. Chukua mwalimu ambaye wastani wake ni yeni 290,000. Akimaliza miezi 24 anastahili yeni 638,000. Akikatisha mkataba mwezi mmoja kabla, anastahili 464,000. Mwezi mmoja huo umemgharimu yeni 174,000, mbali na mshahara wenyewe. Hili likisemwa Februari, mtu anaweza kupanga. Likisemwa Oktoba, linaumiza tu.

Hapa pia wakongwe wa chama wanapaswa kuangalia wanachosema. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2021 hesabu iliishia miezi 36, na aliyekaa miaka 5 alilipwa sawa na aliyekaa 3. Tangu Aprili 2021 ukomo ni miezi 60. Anayeendelea kusema kwamba michango ya mwaka wa nne na wa tano huliwa bure anawapotosha watu wanaoamua kama waongeze mkataba.

Sasa kodi. Fao hilo hukatwa asilimia 20.42 kabla halijatumwa. Kwenye zile yeni 638,000, zaidi kidogo ya 130,000 hubaki serikalini na mwalimu hupokea karibu 507,700. Makato hayo yanaweza kurudishwa, lakini mtu aliyeko nje anahitaji mwakilishi wa kodi ndani ya Japani. Mwakilishi si lazima awe Mjapani wala mhasibu. Anatakiwa awe mkazi. Fomu ya kumteua hupelekwa ofisi ya kodi ya eneo ulilokuwa ukiishi. Kabla ya safari, ni kazi ya kujaza karatasi moja dirishani. Baada ya safari ni barua za kimataifa, kwa Kijapani, kwenda kwa ofisa asiyekujua.

Makosa yanayojirudia yanajulikana, na kikao kiyataje moja moja. Kubwa ni kuondoka bila kuandikisha kuhama kwenye ofisi ya manispaa; kwa kumbukumbu za serikali bado wewe ni mkazi, na mkazi hastahili fao la kujitoa. La pili ni jina. Pasipoti ina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili na herufi ya kwanza ya la katikati, na malipo yanakwama. Tatizo hilo linatatuliwa mapema kwa kupata barua ya benki yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti. La tatu ni kuitupa taarifa ya malipo inayokuja kwa posta miezi kadhaa baada ya kuomba, mtu akidhani ni risiti tu. Taarifa hiyo ndiyo mwakilishi wako anayoihitaji kudai kodi, kwa hiyo itumwe kwake na nakala ibaki kwako. La nne linasikitisha zaidi: kumteua rafiki ambaye naye anarudi kwao Agosti hiyo hiyo. Mchague mtu ambaye una hakika atakuwepo mwaka mzima unaofuata, na mkubaliane tangu mwanzo jinsi atakavyokutumia fedha, maana kodi ikirudishwa huingia kwenye akaunti yake. Muda wa kudai kodi hiyo ni miaka 5, hivyo hata aliyesahau mwaka jana bado hajachelewa.

Kuna jambo moja ambalo chama kisiliamue kwa niaba ya mtu. Ukichukua fao, miezi yako inafutika. Marekani na Japani zina mkataba wa hifadhi ya jamii ulioanza kutumika Oktoba 2005, unaoruhusu miezi ya nchi zote mbili kuunganishwa wakati wa kutafuta sifa ya pensheni. Mkataba wa Uingereza, wa mwaka 2001, hauunganishi. Tena tangu Agosti 2017 Japani inahitaji miaka 10 tu ya kuchangia, badala ya 25. Mtu wa miaka 24 asiyefikiria kurudi achukue fedha zake. Aliyechumbia huko, au anayepanga kurudi kufanya kazi, atulie kwanza.

Kodi ya makazi niitaje kwa kifupi. Aliyekuwa mkazi Januari 1 hudaiwa kodi inayotokana na kipato cha mwaka uliopita, na malipo huanza Juni hadi Mei ya mwaka unaofuata. Kuondoka Agosti hakuifuti. Yeyote ambaye hana msamaha unaotokana na mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Japani aulize ofisini Juni kiasi kilichobaki, alipe au aache fedha kwa mwakilishi.

Upande wa kazi, matawi hupenda kuwaleta watu waliofanikiwa wasimulie njia zao. Hilo linatia moyo, lakini kinachomkwamisha mrejeaji ni karatasi. Shule na mashirika yanayohudumia watoto, Uingereza kwa mfano, huulizia rekodi ya polisi ya kila nchi ulikoishi. Japani, cheti hicho hutolewa na makao makuu ya polisi ya mkoa. Unakwenda mwenyewe, unachukuliwa alama za vidole, na unatakiwa kuonesha hati inayothibitisha kwamba mtu anakihitaji. Ukiomba kupitia ubalozi ukiwa nje, ngoja miezi. Tawi linaweza kumsaidia mtu kupata barua ya mwajiri mtarajiwa mwezi Mei, na cheti kikawa mkononi kabla ya safari.

Vivyo hivyo barua ya utumishi. Iandikwe kwa Kiingereza, ionyeshe tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya shule, madarasa, saa za wiki, na iwe na muhuri wa bodi ya elimu. Iombwe Juni. Wafanyakazi wa ofisi za umma Japani huhamishwa Aprili, na bosi aliyeijua kazi yako anaweza kuwa idara ya maji mwakani.

Sipingi sherehe. Machi 11, 2011, tsunami ilipowaua walimu wawili Wamarekani wa programu hii, Taylor Anderson aliyekuwa Ishinomaki na Montgomery Dickson aliyekuwa Rikuzentakata, waliowahi kufundisha Japani walikuwa tayari wanajuana, na michango ikaanza kukusanywa. Familia ya Anderson ilianzisha mfuko unaopeleka vitabu kwenye shule za Ishinomaki. Rafu za vitabu hivyo zilichongwa na fundi seremala aliyepoteza watoto wake watatu siku ile ile. Watu hawaanzi kuaminiana siku ya msiba, na karamu za Desemba zina mchango wake katika hilo.

Semina elekezi ya wanaoondoka nayo inahitaji kuguswa. Aprili 2020 Kiingereza kilifanywa somo rasmi kwa darasa la tano na la sita, na muda mfupi baadaye wanafunzi wakagawiwa tableti, kila mmoja yake. Mwalimu aliyerudi mwaka 2012 hajaliona darasa hilo. Pendekezo langu ni kwamba mada za darasani zitolewe na waliorudi ndani ya miaka 3, na wakongwe wapewe meza ya ajira, ambako uzoefu wao ni dhahabu. Tena, janga la korona lilizuia safari za mwaka 2020, kwa hiyo kuna kundi dogo sana la wanachama wa miaka ile, na kamati nyingi leo zina wazee na vijana bila wa katikati. Matawi yawasake hao wachache kwa majina.

Mwisho ni hazina. CLAIR, taasisi ya Japani inayosimamia programu pamoja na wizara tatu, husaidia shughuli za matawi, na mwaka wa fedha wa Japani huanza Aprili 1 na kuisha Machi 31. Tawi linalobadilisha uongozi Machi humkabidhi mweka hazina mpya hesabu ambazo hakuzifanya, wiki ambazo risiti zinatakiwa. Uchaguzi ufanyike Mei, mweka hazina wa zamani afunge mwaka wake mwenyewe, na makabidhiano yawe ya ana kwa ana: saini za benki, nywila ya orodha ya wanachama, na jalada la risiti kwa tarehe.