Mchango Wangu Haukukatwa Nusu

Simu iliingia saa tisa usiku, nikiwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Minneapolis. Alikuwa ami yangu, anapiga kutoka Wajir. "Adeer," akaniita, maana kwetu Wasomali ami na mtoto wa ndugu yake huitana jina hilohilo. "Kijana wetu amegonga mtu na gari, mtu amefariki. Wazee wameshakaa. Nyinyi wa Marekani mmepangiwa dola mia tatu kila mmoja."

Nilituma. Mag, yaani diya, fidia ya damu ambayo ukoo wa aliyeua huwalipa jamaa za aliyeuawa, imezuia visasi vingi tangu enzi za mababu na sina ugomvi nayo. Lakini asubuhi, nikisubiri basi kwenye theluji, ilinijia hesabu niliyoisikia tangu utotoni: mwanamume ngamia 100, mwanamke ngamia 50. Nikienda likizo Wajir nikagongwa mimi, mwanamke, ndivyo wazee watakavyoanza kuhesabu. Mbona mchango wangu haukukatwa nusu? Zamani mag ilikuwa shughuli ya wanaume: mwanamke hakuchangishwa, wala hakukaa kikaoni. Siku hizi anachangishwa. Kukaa bado.

Wengi wakisikia mwanamke wa ughaibuni analalamika hivi husema ameharibiwa na Wazungu. Hapana. Haya nimeyaona kwa nyanya yangu, ambaye hakuwahi hata kupanda ndege. Aqal, nyumba yetu ya kuhamahama, aliijenga yeye. Fito alizipinda yeye, mikeka ya kuezekea aliisuka na wenzake miezi kwa miezi, kamba alizisokota kwa nyuzi za magome mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Siku ya kuhama aliibomoa, akaipakia juu ya ngamia, na kabla giza halijaingia ilikuwa imesimama mahali papya, watoto wamelala ndani. Wazee walipoitana chini ya mti, nyanya alipeleka chai, akaweka birika chini, akaondoka. Chini ya mti ule ndiko kulikoamuliwa wahamie wapi.

Sababu wanayoitoa naijua. Mwanamke ana koo mbili, alikozaliwa na alikoolewa, kwa hiyo eti haijulikani yuko upande gani. Lakini vita vikiisha, ni koo hizohizo mbili zilizotumika: binti alitolewa aolewe na jamaa za aliyeuawa ili damu isimamishwe. Alitosha kuwa amani yenyewe, ila kuulizwa hakuulizwa. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa amani wa Somalia kule Arta, Djibouti, viti vilipangwa kwa makundi matano ya koo. Kina mama, akiwemo Asha Hagi Elmi, wakasema basi sisi tuwe ukoo wa sita. Mimi kila nikilikumbuka neno hilo mwili unanisisimka. Waliwajibu wazee kwa lugha ya wazee wenyewe.

Kuhusu ukeketaji sitasema mengi. Mimi nilifanyiwa, binti zangu hawakufanyiwa, na kwangu halina mjadala. Kenya imepiga marufuku tangu 2011.

Wala sisemi kila cha huku ni chema. Nilipojifungua hapa, wiki ya sita nilikuwa nimesharudi kazini, maziwa yananivuja ndani ya sare. Kwetu mzazi hukaa siku 40. Wanawake wanampikia, wanamkanda, wanamfulia, na siku ya arobaini wanakuja na buraanbur, mashairi yetu wanawake, nyumba inatetemeka kwa vigelegele. Hiyo ni mila, na ningeilipia chochote niipate hapa. Watu wanaodhani tunataka kutupa kila kitu hawajatusikiliza.

Ninachojua ni kwamba wanaume wetu wanaweza. Hapa mtaani Cedar-Riverside, Minneapolis, nimewaona wazee wenye ndevu za hina wakipanga foleni kumpigia kura Ilhan Omar, aliyepita kambi ya wakimbizi ya Utange, Mombasa, mpaka akaingia Bunge la Marekani kwa uchaguzi wa 2018. Hakuna aliyemuuliza koo zake ni ngapi. Na msiseme ni Marekani tu: mwaka 2017 watu wa Ijara, Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wao.

Mwezi huu ami amepiga tena. Safari hii ni mchango wa kisima. Nikamuuliza kama kwenye kamati yupo mwanamke hata mmoja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, "Adeer, wanawake ndio wanaochota maji."

Nikamwambia ndiyo sababu nauliza. Shangazi yangu huamka alfajiri kupokea maziwa ya ngamia kutoka nyikani, anauza mjini, hesabu za wateja wote anazo kichwani, na anajua visima vinavyokauka mapema kuliko mzee yeyote. Wamweke yeye, nitatuma siku hiyohiyo. Ami amesema atawafikishia wazee. Pesa nimeshaziweka kando.