Shusheni simu, nasi tuone
Jamani, nimetoka Mbagala kwa daladala mbili, jua la utosi, nikalipa kiingilio Kijiji cha Makumbusho nione ngoma. Bugobogobo ya Wasukuma ikaanza, majembe yanarushwa juu, yanadakwa. Mimi naona nini? Mgongo wa kaka mmoja kanyanyua simu, na pembeni yake dada kaja na tableti pana kama sinia la pilau! Ngoma nzima nimeiangalia kwenye kioo cha mtu, tena kimepasuka. Nikamwomba, "Kaka, samahani, shusha kidogo." Hata hakugeuka: "Subiri mama, niko laivu." Nikachungulia idadi ya watazamaji wake: 3. Mmoja nadhani ni yeye mwenyewe. Sisi nyuma yake tulizidi 40.