Kibali cha kuegesha ni cha mtu, si cha gari

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, katika yote niliyoyaona Uingereza lipo moja ambalo natamani liigwe kwetu Kusini hata kesho, nalo si treni wala mishahara. Ni kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu. Najua swali litakalofuata: dada, huku kwetu walemavu wangapi wana magari? Wachache sana, na ndiyo sababu naandika. Kadi ile halipewi gari, hupewa mtu. Ina picha yake, na gari lolote atakalopanda, liwe lake, la jirani au teksi, linapata ruhusa ya kusimama karibu na anakokwenda. Akishuka na kwenda zake, ruhusa inaondoka naye. Kwetu jambo hili lingefaa kwenye bajaji kabla halijafaa kwenye magari.

Nasema hivi kwa kuwa nimeishi pande zote mbili. Polio ilinipata utotoni, Newala. Natembea kwa magongo, na mguu wangu wa kushoto una chuma kuanzia pajani hadi kwenye kiatu. Nimefanya kazi Mtwara mjini, nimepanda ngazi za ofisi zake na kuvuka mitaro yake. Sasa naishi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na nina gari ninaloliendesha kwa mikono tu.

Kadi ya huku inaitwa Blue Badge. Haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1970 Bunge lao lilipitisha sheria ya wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu, kwa mswada wa Alf Morris, mbunge wa eneo la Wythenshawe, Manchester. Kadi zikaanza kutolewa 1971, zikiwa za rangi ya machungwa, na tangu mwaka 2000 ndipo zikawa za bluu. Mwenye kuitoa ni halmashauri ya mahali unapoishi. Unaweza kuomba kwa intaneti au kujaza fomu ya karatasi. England ada haizidi pauni 10, Scotland haizidi pauni 20, na Wales ni bure. Kwa kawaida inadumu miaka 3, kisha unaomba upya.

Kuna watu wanaopata bila mjadala, kama walioandikishwa kuwa wasioona, au wanaolipwa posho ya ulemavu inayoitwa PIP na wamepewa alama 8 au zaidi katika kipengele cha kutembea. Wengine wote huchunguzwa. Mimi nilichunguzwa, kwa sababu nilipofika viza yangu ilinikataza kupokea fedha za umma, na PIP imo katika orodha hiyo ya makatazo. Kadi ya maegesho haimo. Hili nalisema kwa sauti kwa ndugu zangu walioko huku na wanaogopa kuomba: kadi si posho, kuiomba si kuvunja masharti ya viza. Nimekutana na mama wa Kitanzania mwenye magoti yaliyokwisha, anajikokota kwenye baridi, ameambiwa na watu wa mtaani kwake kwamba akiomba tu atarudishwa nyumbani. Aliteseka bure kabisa.

Fomu yenyewe ni ngumu, na ugumu wake si wa lugha. Inakuuliza unaweza kutembea mita ngapi kabla ya kusimama, unachukua dakika ngapi, maumivu yanaanzia wapi, unashika nini ukipanda ngazi, umewahi kuanguka au la. Halafu unaambatanisha picha, kitambulisho, uthibitisho wa makazi na karatasi za daktari. Baadaye niliitwa, mtaalamu wa viungo akanitembeza kwenye korido huku akiniangalia na kuandika. Mimi nimelelewa na bibi aliyenifundisha nisijionyeshe mnyonge mbele ya watu. Nikianguka, niinuke haraka na nicheke. Huku ilinibidi niandike siku zangu mbaya kuliko zote, maana ukiandika siku zako nzuri watakunyima. Niliilia ile fomu. Bado naamini maswali yake mengine yangeweza kuulizwa kwa heshima zaidi, na kumngojesha mtu mwenye maumivu wiki 12 au zaidi, kama wenyewe wanavyotangaza, ni kumtesa.

Lakini hebu niwaeleze kilichobadilika kadi ilipofika.

Mtu asiye na ulemavu akifikiria maegesho yetu anafikiria ukaribu tu, kwamba tunaegesha mlangoni. Ukaribu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni upana. Nafasi ya kawaida ya kuegesha huku ina upana wa takriban mita 2.4. Ya sisi wenye ulemavu ina huohuo, kisha pembeni kuna ukanda wa mita 1.2 uliochorwa mistari ya mshazari, ambao gari lolote haliruhusiwi kuukalia. Ukanda huo ndio maisha yangu. Mguu wenye chuma haukunjiki nikiwa nimeufunga. Lazima mlango ufunguke wote, nizungushe kiuno, nitoe mguu ukiwa umenyooka, nichomoe magongo kiti cha nyuma, kisha nijiinue. Gari likiegeshwa karibu na mlango wangu siwezi kushuka, na likija nikiwa nimekwisha kushuka siwezi kurudi ndani. Kabla ya kadi, nimewahi kukaa kwenye maegesho ya duka nikimngoja mtu nisiyemjua amalize kununua mboga zake ndipo niingie garini mwangu. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kwa kadi naegesha bila kulipa kwenye maegesho ya barabarani ya halmashauri, na penye mistari ya njano ambapo wengine hawaruhusiwi naweza kukaa kwa muda usiozidi saa 3, mradi pasiwe na katazo la kupakia na kushusha mizigo. Unaweka kadi kwenye dashibodi, na pembeni yake saa ya karatasi inayoonyesha umefika saa ngapi. Maegesho ya binafsi na ya hospitali yana taratibu zake, kwa hiyo unasoma kibao kwanza. Katikati ya London nako kuna maeneo yenye sheria tofauti. Haya unayazoea upesi.

Nisilolizoea ni ndugu zetu kutaka kuiazima. Kwenye arusi na maulidi, kila mara yupo mmoja atakayenisogelea: "Dada, niazime kadi yako niingie nayo mjini mara moja tu." Siitoi. Siitoi kwa mdogo wangu, siitoi kwa shemeji. Sheria inataja faini ya hadi pauni 1,000 na kadi kunyang'anywa, lakini hata pasingekuwa na faini nisingeitoa. Nafasi zile ni chache, na akiegesha mzima mwenye haraka, yupo mtu kama mimi anayezunguka na kurudi nyumbani bila kufanya alilolifuata. Anayeazima anadhani amenikopa mimi, kumbe amemkopa mtu ambaye hatamwona wala kumlipa.

Sasa nije nyumbani.

Mtwara napokelewa vizuri kuliko mahali popote duniani. Nikishuka kwenye basi, sijasema neno, mkono uko chini ya kwapa langu na begi limeshabebwa. Watu wananiita mama, wananipisha kwenye foleni. Huku Uingereza mtu anaweza kukuona umekwama akapita, si kwa ukatili, ila anaogopa kukuudhi. Kwa hilo sisi tumewazidi mbali.

Ila nilikwenda hospitali moja kumwona mgonjwa wetu, nikiwa kwenye bajaji. Getini mlinzi akainua mkono: "Bajaji mwisho hapa, mama." Gari la nyuma yetu likafunguliwa geti, likaingia, akashuka kijana mwenye miguu yake miwili na simu sikioni. Kutoka getini hadi wodini ni mchanga, na magongo kwenye mchanga yanazama. Mlinzi yule yule aliponiona nahangaika akaita vijana wawili, wakanibeba juu juu hadi mlangoni. Nawashukuru vijana wale, Mungu awalipe. Lakini mimi ni mtu mzima, nimevaa kitenge changu kizuri, nabebwa mbele ya wakwe zangu, wakati bajaji iliyonileta ingenifikisha pale pale kwa nusu dakika. Walinionea huruma kwa tatizo ambalo geti lao ndilo lililolileta.

Na bajaji, niwaambie, ni chombo kizuri mno kwa mwenye ulemavu wa miguu. Haina mlango wa kukubana. Ubavu wake uko wazi, sakafu iko chini, kuna bomba la kushika, na magongo yanakaa miguuni. Kuna wenzetu wenye ulemavu wanaoziendesha na kulisha familia kwa kazi hiyo. Nashuka kwenye bajaji kwa urahisi kuliko kwenye gari langu la huku. Kasoro haimo ndani ya bajaji. Imo katika mahali inapokatazwa kufika.

Angalieni msimu wa korosho. Fedha za wakulima zinapitia benki, kwa hiyo wazee wanashuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi kufuata malipo yao. Mbele ya benki pamejaa pikipiki na magari ya wanunuzi, na mzee mwenye mkongojo anashushwa ng'ambo, avuke barabara yenye malori, avuke mtaro, kisha apande ngazi. Wengi wao hawajiiti walemavu. Watasema ni uzee tu. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, na huku England tangu Agosti 2019 kadi inatolewa hata kwa wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Kwetu tukihesabu wenye magari tu tutapata watu wachache. Tukihesabu wanaoshushwa mbali na mlango tutajaza uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Sheria tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na maofisa ustawi wa jamii wapo. Hao hao wanaowatambua watu wenye ulemavu kwa ajili ya ile mikopo inayotokana na asilimia 2 ya mapato ya halmashauri wanaweza kuwapa kadi ya kushushwa mlangoni. Mwenye kadi akiwa kwenye bajaji, bodaboda au gari, chombo chake kinaingia getini, kinamshusha, kinatoka. Mbele ya soko, stendi, benki na hospitali ichorwe nafasi moja au mbili zenye ukanda wa pembeni, sakafu ngumu isiyo ya mchanga, na mlinzi aelezwe kwa maandishi. Waanze Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Lindi wafuate, au Lindi watangulie.

Nimeambiwa kwamba kuna matatizo makubwa zaidi, watu hawana hata viti mwendo. Ni kweli, na vipatikane. Lakini kiti mwendo kinachoishia getini hakijamfikisha mtu kwa daktari, na rangi ya kuchora mistari haifikii bei ya kiti mwendo. Wengine wanasema kadi zitaghushiwa. Hata huku zinaibwa kwenye magari na watu hudanganya. Mtwara tuna kinga ambayo wao hawana, maana mwenyekiti wa mtaa anamjua kila mtu wake na anajua nani anatembea kwa shida. Hatuhitaji kumtembeza mtu kwenye korido huku tukihesabu hatua zake. Barua ya mtaa, sahihi ya mganga na picha vinatosha.

Diwani yeyote wa Mtwara au Lindi, au mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu katika kata yake, anayetaka kulianza jambo hili, nitampelekea fomu ya huku ikiwa nimeifasiri yote, ukurasa kwa ukurasa. Achukue maswali yanayofaa, yanayomdhalilisha mtu ayafute, kisha twende pamoja kwa ofisa ustawi wa jamii nitakapokuja likizo.