Gia boksi haina dipstiki, sawa, lakini oili yake inachoka

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp la wenye Toyota kuna dogo kauliza swali. Ana Mark X ile ya 2006, asubuhi akitoa P kupeleka D gia inachelewa kushika, na foleni ikiwa kali inampiga teke ikitoka ya pili kwenda ya tatu, akauliza wakuu, nibadilishe oili ya gia boksi hii ya otomatiki? Majibu yakamiminika na karibu yote yalikuwa yale yale, usiguse hiyo, hiyo ni sildi, yaani imefungwa moja kwa moja kiwandani, ukimwaga tu umeiua. Fundi mmoja akatuma voisi noti ndefu, anasema yuko kwenye magari toka enzi za Corolla DX na hajaona gia boksi ya hivyo ikamwagwa oili ikabaki salama. Dogo akashukuru, akasema basi anaiacha kama ilivyo. Hilo gari kalinunua kwa mkopo wa Saccos ya kazini na bado anakatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Mimi limenikera sana hili na nitalisema mpaka mwisho, maana huu ushauri unaua magari ya watu wasio na hela ya kununua gia boksi nyingine.

Kwanza hiyo gia boksi haijafungwa kivile mnavyodhani. Kilichoondolewa ni dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Ingia chini ya gari uangalie sampo yake, lile bakuli la oili la chini, kuna nati ya kumwagia oili na ya kupimia usawa, na ubavuni kuna nati ya kujazia, zimewekwa na Toyota wenyewe kiwandani. Juu kuna kipumulio, hewa inaingia na kutoka kila gari likipata moto na kupoa. Sasa kama oili haikutakiwa kuguswa milele, nati ya kumwagia waliiweka ya nini?

Na ile oili kazi yake siyo kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma klachi za mle ndani zibane, ndiyo inayopitisha nguvu ya injini kwenye toki konventa, ile inayounganisha injini na gia boksi, na joto lote la mle ndani linabebwa na hiyo hiyo. Nakubali haipati masizi kama oili ya injini maana hakuna moto unaowaka mle, na WS, oili ya Toyota ya gia boksi hizi, ni oili nzuri inayodumu, hakuna anayesema uimwage kila sevisi. Ila joto linaila. Unatoka Kimara asubuhi mpaka mjini, gari linatembea hatua tatu linasimama, upepo wa kupooza haupo, nje kuna joto la Dar la Januari. Halafu Desemba huyo huyo anabeba familia na mizigo anapandisha Kitonga nyuma ya malori, dakika nyingi mwendo wa pole, toki konventa inakoroga oili ile ile iliyotoka nayo Japani. Ni kama mafuta ya chipsi, kuna kiasi cha kukaangia, ukikipita hata rangi inakwambia. Oili mpya ni nyekundu safi, ya kwenye magari yetu mengi inatoka nyeusi ina harufu ya kuungua, halafu ukifungua sampo zile sumaku za mle ndani zimejaa tope la kijivu. Tope laini ni la kawaida, ni chuma kilicholika kidogo kidogo, ukikuta vipande vya chuma hiyo tayari ni habari nyingine. Lile tope unataka lizunguke kwenye valvu bodi, ile inayogawa oili ya kubadilishia gia, yenye vitundu vidogo vile mpaka lini?

Watu wananijibu kwamba mtengenezaji mwenyewe kasema oili ya maisha. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mtengenezaji yupi? Chukua BMW, kwa miaka mingi wakawa wanawaambia wateja oili ya gia boksi ni ya maisha yote ya gari. Sasa gia boksi nyingi za BMW hizo otomatiki, zile za gia 6 zilizoanza na 7 Series ya 2001 na nyingine nyingi baada ya hapo, hazitengenezwi na BMW, zinatengenezwa na ZF, kampuni ya Kijerumani yenye makao yake Friedrichshafen. Na ZF wao wanasema oili ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000 au kila miaka 8, kutegemea gari linavyotumika. Siyo kusema tu, wanauza na vifaa kamili vya kazi hiyo, sampo mpya maana filta imejengewa humo humo, nati zake na oili. Yaani aliyeichonga hiyo gia boksi anakuuzia vitu vya kubadilishia oili yake, na aliyekuuzia gari anakwambia usiiguse. Wa kumsikiliza hapo ni nani? Hata Toyota Marekani, kwenye ratiba za sevisi za pikapu zao kama Tacoma na Tundra, anayevuta trela au kubebesha gari mizigo mizito wanamwambia abadilishe ikifika maili 60,000, hiyo ni kama kilometa 97,000. Kwa hiyo wanajua kabisa kwamba ikifanyishwa kazi ngumu inachoka. Foleni yetu na joto letu na vilima vyetu ni kazi gani kama siyo ngumu?

Anayepanga ratiba ya sevisi anamfikiria yule anayenunua gari jipya, analitumia miaka michache kwenye lami nzuri na kuliuza likiwa bado zima. Gari likionekana halina gharama za sevisi linauzika, na garantii ikiisha shida siyo yake tena. Sisi siyo yule mtu. Sisi tunalipata gari likiwa na miaka kumi na kitu, Kenya angalau wameweka mwisho miaka 8, sisi tunalipa ushuru wa uchakavu na kulipitisha. Ukaguzi wa shaken kule Japani unaangalia breki, taa, moshi na mambo ya usalama, haumlazimishi mtu kumwaga oili ya gia. Kwa hiyo gari linashuka bandarini na oili ileile ya kiwandani, dashibodi inasoma kilometa 78,000 na zile kilometa zenyewe zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, unapiga namba mpya unaanza kutamba nalo mjini. Wewe unataka likae nawe miaka mingine 10, umlipie mtoto ada na ulitumie kumpeleka mama hospitali. Maisha ya gari aliyoyapanga mwenye kiwanda yalishaisha kabla hata hujalijua, sasa ya kwako yanalindwa na nani kama siyo wewe mwenyewe?

Haya, kuna kitu nitawakubalia mafundi, japo kwa shingo upande. Kweli kuna magari yanamwagwa oili leo na wiki ijayo yamekufa gia boksi. Ila tuseme na sababu. Nyingine zilikuwa zimeshakufa, klachi zimeisha, mtu anakumbuka oili gia ikishaanza kuteleza, na hapo oili mpya haifufui kitu. Nyingine zimeuliwa na oili isiyo yake, fundi anatoa WS anaweka haidroliki yoyote nyekundu aliyoikuta dukani kwa sababu zote ni nyekundu, au anaiweka hiyo hiyo kwenye CVT ya Nissan, ile gia boksi ya mkanda, inayotaka oili yake ya NS-2 au NS-3. Hapo aliyeua ni nani jamani? Na nyingine, tena nyingi tu, zimeuliwa na usawa wa oili, imewekwa pungufu au imezidi.

Na kupima usawa ndiko kunakofanya hii kazi iogopwe, maana haupimwi kwa macho wala kwa kukadiria lita. Nimemuona fundi mmoja kijana pale Tegeta anavyoifanya, nikafurahi. Gari kalinyanyua likalala sawasawa pande zote nne, kamwaga, kapima kwenye jagi kilichotoka, kajaza kiasi hicho hicho na kidogo juu kwa kutumia pampu ya mkono. Akawasha injini, akakanyaga breki, akapitisha gia taratibu toka P mpaka mwisho akarudisha P. Halafu akachomeka mashine ya dayagnosisi akakaa anaangalia joto la oili tu, hana haraka, mwenye gari anauliza bado, anajibiwa bado mzee, tulia. Ilipofika kwenye 40 hivi, maana Toyota nyingi zinataka kati ya nyuzi 35 na 45, akalegeza nati ya usawa injini ikiwa inawaka. Oili ikatoka mkondo mwembamba, ukapungua, ikabaki matone, akafunga. Basi. Ingekuwa ya baridi sana ingeonekana imepungua, ingekuwa ya moto sana ingedanganya kwa upande wa pili, ndiyo maana joto ni lazima. Hata asiye na mashine, Toyota nyingi ukiunganisha pini 4 na 13 kwenye soketi ya kupimia, taa ya D inakuonyesha joto limefika au bado. Hii ni kazi ya kujifunza siku moja, na fundi asiyeijua aseme hajui, mteja atafute mwingine, kuliko kumwambia haiwezekani.

Kuflashi, yaani kuisukuma oili yote nje kwa mashine ya presha, kwenye gari la miaka mingi sikushauri. Dawa za kuongeza kwenye gia boksi pia hapana.

Dogo nimemfuata inboksi. Nimemwambia kwanza apimiwe usawa, maana gia kuchelewa kushika inaweza kuwa ni oili kupungua tu, halafu asomewe kodi za hitilafu kwa mashine kama kuna solenoidi, zile valvu za umeme za mle ndani, inalalamika. Kama klachi bado nzima, amwage nusu nusu, maana kwa mara moja zinatoka lita 3 hivi na nyingine nyingi zinabaki kwenye toki konventa na mabomba, atembelee wiki kadhaa arudie tena, sampo ishushwe, sumaku zifutwe, filta iwe mpya. WS anunue mwenyewe, kopo limefungwa, lifunguliwe mbele yake. Na ile iliyotoka asikubali imwagwe kabla hajaiona, aiweke kwenye chupa nyeupe ya maji aipige picha, atutumie kwenye grupu, na yule wa voisi noti aione pia.