Ramani ya udongo na kichuguu cha Uyui

Fungua ramani ya udongo ya Afrika, iSDAsoil, iliyotoka mwaka 2021, uisogeze mpaka wilaya ya Uyui, Tabora. Simu itakutajia uchachu, mfinyanzi, naitrojeni na fosforasi kwa kila kiboksi cha mita 30 kwa 30. Ekari moja ina viboksi vinne na nusu hivi. Basi mkulima wa Tabora akisita kuifuata, anaonekana mshamba.

Mtetezi wa ramani ana hoja. Uchachu hauonekani kwa macho. Kichanga kilicholimwa miaka nenda rudi kinaweza kuonekana kizima kumbe pH, kipimo cha uchachu, imeshuka chini ya 5.5 (ikishuka, uchachu umezidi), fosforasi imefungwa mimea isiipate, na mbolea ya DAP ya kila msimu inazidi kukichachusha. Hapo panatakiwa chokaa, na ofisi ya wilaya inayoamua chokaa ianzie kata gani inaihitaji ramani hiyo.

Ila kuna hesabu inanisumbua. Ramani ile imejengwa juu ya sampuli zaidi ya laki moja. Nyingi, eti? Zitawanye kwenye bara la kilomita za mraba milioni 30: sampuli moja kwa kila kilomita za mraba mia mbili, mia tatu. Yaani shimo moja linasemea viboksi zaidi ya laki mbili! Na kwa kweli hazikutawanyika sawasawa hivyo. Kuna kwenye mashimo mengi na kuna patupu. Palipobaki kompyuta imekisia kwa picha za setilaiti, mwinuko na hali ya hewa. Waliotengeneza ni waungwana, wameambatanisha na kiwango cha shaka. Lakini ikimfikia bwana shamba, shaka imeshadondoka njiani, imebaki namba.

Mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia Uyui alinitembeza shambani kwake, toka mgongoni hadi bondeni, mwendo wa hatua mia tatu hivi. Juu luseni, kichanga cha karanga na muhogo. Katikati akapiga jembe, likadunda: itogolo, udongo mgumu. Chini mbuga nyeusi, majaruba ya mpunga yamekauka, nyufa zinameza kidole gumba. Ngazi hizi za udongo, toka juu hadi bondeni, ndizo Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, alizipa jina la katena miaka ya 1930. Kando ya njia kulikuwa na kichuguu kilichosawazishwa. "Hapa mahindi hayabembelezwi," akasema. Kwenye kiboksi cha mita 30, kichuguu hicho hakipo.

Watetezi hupenda kutukumbusha mradi wa karanga wa Waingereza, Urambo ikiwemo, uliokufa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30: haukupima udongo vya kutosha, wanasema. Kweli kabisa. Lakini ujumbe wa wataalamu ulioupendekeza mwaka 1946 ulizunguka wiki chache tu, na sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo hata wao walikuwa na picha ya kutoka juu.

Mimi ningeitumia ramani kuchagua kijiji cha kuanzia, kisha hela iende kwenye ndoo na koleo: vidonge vya udongo 15 hadi 20 kwa kila aina ya udongo, kina cha sentimita 20, kwa mwendo wa zigizagi, vichanganywe, nusu kilo ipelekwe maabara. Vichuguu na mazizi ya zamani yanarukwa, yasipotoshe kipimo. Zizi lililohamishwa miaka kumi iliyopita halionekani tena kwa mgeni. Mwenye shamba atakuonyesha lilipokuwa.