Nyimbo Zilizovuka Mpaka

Nilipofika Poker Creek kiangazi kilichopita, aliyenijia akilini ni mama mkubwa, aliyeolewa Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma.

Poker Creek ndicho kituo cha mpaka wa nchi kavu kilicho kaskazini kuliko vyote kati ya Kanada na Marekani. Unatoka mji wa Dawson, upande wa Kanada, unavuka mto Yukon kwa kivuko kisicho na nauli, kisha kama kilomita 105 barabara inakwenda juu ya migongo ya milima. Hakuna kijiji njiani. Kituo hufunguliwa kiangazi tu, saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku kwa saa za Yukon. Theluji ikianza, kinafungwa mpaka Mei.

Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka. Waingereza na Warusi waliukubali mwaka 1825 kwa kufuata longitudo ya 141, na Marekani ikaurithi ilipoinunua Alaska mwaka 1867. Penye msitu, miti hufyekwa upana wa mita sita ili mstari uonekane.

Ila pale palikuwa na wenyewe. Wahän waliishi pande zote mbili za mstari huo. Dhahabu ilipopatikana Klondike, karibu na Dawson, mwaka 1896, wageni wakamiminika kwa maelfu, na mkuu wa Wahän, Chief Isaac, akahofia mila zitapotea. Akazipeleka nyimbo na ngoma zao kwa jamaa walioko Alaska wazitunze. Miongo mingi baadaye wajukuu walizifuata huko, wakajifunza upya. Watu wa upande wa pili wa mpaka ndio waliokuwa ghala lao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa Dar. Ukitaja Tunduma mbele yao utasikia foleni ya malori, mizigo ya bandarini na ushuru. Hayo ni kweli na yana uzito. Lakini mstari wa kule nao ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, ukapita katikati ya Wanyamwanga. Tuna kituo cha pamoja cha forodha, na lori linagongewa muhuri mara moja. Bibi anayevuka kwenda kumzika ndugu yake naye ahesabiwe katika kazi ya mpaka. Nataka apewe dirisha lake na kibali chepesi cha siku chache, asipange mstari mmoja na madereva na mawakala. Sioni kwa nini hilo lionekane dogo kuliko shehena ya shaba.

Niliporudi Mbagala nilimsimulia mama habari za zile nyimbo. Alinyamaza, kisha akaanza kuwahesabu kwa vidole ndugu wa Nakonde ambao bado wanajua nyimbo za msiba za kwao. Aliishia kwa wawili, na mama mkubwa ni mmoja wao. Tumeshakata tiketi za basi; safari ni Ijumaa.